Nairobi hadi New York: umbali mmoja, saa mbalimbali

Kati ya Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta, Nairobi, na ule wa John F. Kennedy, New York, pana takriban kilomita 11,830. Umbali huo haubadiliki. Muda wa kuumaliza ndio usiotulia. Ndege inayotoka Nairobi kwenda New York hutumia saa 15 hivi, na inayorudi kwa umbali ule ule hutumia saa 14 au pungufu. Abiria anayetazama saa za ukutani peke yake huona mambo ya ajabu zaidi: wakati wa baridi ya Marekani, aliyeondoka Nairobi usiku wa manane hushuka New York saa 1 asubuhi, kana kwamba amesafiri saa 7 tu. Akirudi, saa hizo hizo za ukutani zitamwambia amekuwa njiani saa 22.

Safari ya moja kwa moja kati ya miji hii miwili si ya zamani. Kenya Airways, ambayo wengi huiita KQ kwa herufi za tiketi zake, iliianza tarehe 28 Oktoba 2018, kwa ndege aina ya Boeing 787-8. Kabla ya hapo abiria hakuwa na njia ila kubadilisha ndege katika miji kama London, Amsterdam, Dubai au Addis Ababa. Haikutosha kuwa na ndege yenye uwezo wa kufika. Ilibidi kwanza mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani iridhike na usimamizi wa usalama wa anga nchini Kenya, na kibali hicho kilipatikana Februari 2017.

Hizo kilomita 11,830 hakuna aliyezipima kwa kamba. Zinatokana na hesabu ya pembe. Kila uwanja wa ndege una anwani yake duniani: wa Nairobi uko digrii 1.3 kusini mwa ikweta na digrii 36.9 mashariki; wa New York uko digrii 40.6 kaskazini na digrii 73.8 magharibi. Ikichukuliwa kwamba mistari miwili imechorwa kutoka kiini cha dunia, mmoja hadi Nairobi na mwingine hadi New York, pembe kati yake ni digrii 106.45. Kila digrii ina dakika 60, na dakika moja ya pembe hiyo juu ya uso wa dunia ndiyo asili ya maili moja ya baharini, yaani mita 1,852. Ukizidisha 106.45 kwa 60 unapata maili za baharini 6,387, na maili hizo zikigeuzwa kilomita huwa 11,829. Ndiyo maana marubani, sawa na manahodha, hawajaiacha maili ya baharini: kwao si kipimo cha kigeni, ni kipande cha dunia yenyewe.

Majibu ya vikokotoo huweza kutofautiana kwa kilomita chache, na hapana aliyekosea. Dunia si tufe kamili. Mzunguko wake kwenye ikweta ni kilomita 40,075, lakini ukipitia kwenye ncha zake ni kilomita 40,008. Kikokotoo kimoja huichukulia dunia kuwa tufe safi, kingine huzingatia kwamba imebonyea kidogo juu na chini.

Jambo linalowasumbua watu zaidi ni njia yenyewe. Mtu akichukua rula na kuunganisha Nairobi na New York kwenye ramani ya ukutani, mstari wake utapita Jamhuri ya Afrika ya Kati, uwanda wa Jos nchini Nigeria, Mali na Mauritania, kisha uingie Atlantiki. Kwenye karatasi hiyo ndiyo njia iliyonyooka. Duniani ni njia ya mzunguko: ina urefu wa kilomita 12,190 hivi, yaani zaidi ya kilomita 350 za bure, sawa na dakika 25 za kuruka. Kosa ni la ramani. Ile ya Gerardus Mercator, iliyochapishwa mwaka 1569 na ambayo bado imetundikwa madarasani, ilichorwa kwa ajili ya mabaharia waliotaka uelekeo sahihi wa dira, na ili kuupata ililazimika kutanua nchi za kaskazini. Ndiyo hiyo inayoionyesha Greenland karibu sawa na Afrika, ilhali Afrika ni kubwa mara 14.

Dawa ni kuiacha ramani na kushika tufe. Ukikaza uzi juu ya tufe, ncha moja Nairobi na nyingine New York, uzi utajitafutia wenyewe njia fupi kuliko zote, ambayo wanahesabu huiita duara kuu. Na njia hiyo haianzi kwa kuelekea magharibi. Hutoka Nairobi kuelekea kaskazini-magharibi, hukatiza Bonde la Ufa, hupita Mbale chini ya Mlima Elgon, kisha karibu na Gulu, huingia Sudan Kusini, hukata kona ya Darfur, huvuka Chad, jangwa la kaskazini mwa Niger na Sahara ya Algeria. Huliacha bara kwenye pwani ya Morocco, si mbali na mji wa Safi. Kutoka hapo ni maji matupu, isipokuwa visiwa vya Azores vya Ureno, ambavyo uzi hupita juu yake hasa. Hufika kaskazini ya mwisho, latitudo ya digrii 42, kusini mwa Newfoundland, kisha huinama kidogo kuingia New York.

Ukipima kipande cha uzi kilicho juu ya nchi kavu, utagundua jambo ambalo tiketi haisemi. Kutoka Nairobi hadi pwani ya Morocco ni zaidi ya kilomita 6,100, yaani zaidi ya nusu ya safari yote. Safari inayosemwa kuwa ni ya kuvuka Atlantiki, kwa sehemu kubwa, ni safari ya kuivuka Afrika. Abiria anayeamka baada ya saa sita za usingizi, akafungua ramani ya kwenye kiti akidhani yuko katikati ya bahari, hukuta bado yuko Sahara.

Uzi wa kwenye tufe, hata hivyo, haujui mipaka wala vita. Ndege hupita katika anga la nchi kwa ruhusa na kwa malipo, na nchi inaweza kulifunga anga lake wakati wowote. Sudan ililifunga vita vilipozuka Khartoum Aprili 2023. Agosti mwaka huo huo Niger nayo ilifunga, baada ya mapinduzi ya kijeshi, ikafungua tena mwanzoni mwa Septemba. Nchi hizo mbili ziko kwenye uzi wenyewe, na ukiziepuka zote unaongeza kilomita. Kwa hiyo njia inayorukwa hasa hupangwa upya kila siku: wapangaji huangalia anga lililo wazi, ada za kupita, hali ya hewa na upepo, kisha huchagua mstari usiokuwa mfupi zaidi bali wenye nafuu zaidi. Kilomita 11,830 ni kima cha chini. Ndege karibu kila mara huruka zaidi ya hapo.

Bahari nayo ina masharti yake. Boeing 787 ina injini mbili, na ndege ya injini mbili hairuhusiwi kujitenga ovyo na nchi kavu. Ni lazima wakati wote pawe na uwanja inaoweza kuufikia kwa injini moja ndani ya dakika zilizowekwa. Katika Atlantiki ya kati, uwanja huo mara nyingi ni Lajes, katika kisiwa cha Terceira huko Azores. Thamani yake ilionekana tarehe 24 Agosti 2001. Ndege ya Air Transat aina ya Airbus A330, iliyokuwa ikitoka Toronto kwenda Lisbon, ilivuja mafuta hadi injini zote mbili zikazima juu ya bahari. Rubani aliiacha ndege hiyo ielee kama mwewe kwa takriban dakika 19, akaitua Lajes, na watu wote 306 waliokuwamo wakatoka hai.

Kabla ya bahari na jangwa kuna tatizo la kupaa. Uwanja wa Nairobi uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho hewa ni nyepesi: mabawa hupata nguvu ndogo ya kuinua, na injini hupata hewa kidogo ya kuchomea mafuta. Ndege nzito lazima ikimbie umbali mrefu zaidi na kwa kasi kubwa zaidi kabla ya kuacha ardhi, na hapo ndipo barabara ya kurukia yenye zaidi ya kilomita 4 inapoonyesha faida yake. Joto huongeza shida, kwa sababu hewa ya moto ni nyepesi zaidi. Kuondoka usiku, wakati Nairobi imepoa, ni msaada mkubwa kwa rubani, mbali ya kumfaa abiria anayetaka kufika asubuhi.

Na ndege hii ni nzito kweli. Uzito wa juu unaoruhusiwa kwa 787-8 wakati wa kupaa ni tani 228 hivi. Shirika lilipotangaza safari hiyo lilitaja tani 85 za mafuta, marubani 4 wa kupokezana na wahudumu 12. Kwa maneno mengine, zaidi ya theluthi ya ndege inayopaa inaweza kuwa mafuta, na sehemu ya mafuta hayo kazi yake ni kuyabeba mafuta mengine. Ndiyo sababu ndege haipandi mara moja hadi kimo chake cha mwisho. Huanza chini kiasi, na kadiri mafuta yanavyoisha na uzito wake unavyopungua huomba ruhusa ya kupanda ngazi kwa ngazi, kwenda kwenye hewa nyepesi zaidi ambako mafuta hutumika kidogo.

Jirani wa kaskazini anaijua shida hii kuliko Kenya. Uwanja wa Bole, Addis Ababa, uko mita 2,334 juu ya usawa wa bahari, na kwa miaka mingi ndege za shirika la Ethiopian zilizokwenda Washington zilitua njiani kuongeza mafuta, mara Dublin, mara Lomé. Kurudi hazikuhitaji kutua. Zilipaa kutoka karibu na usawa wa bahari, na zilikuwa na upepo nyuma yake.

Upepo ndio jibu la lile swali la saa 15 na saa 14. Watu wa mwambao hawahitaji kufundishwa jambo hili: majahazi ya Muscat na Zanzibar yalingoja kaskazi kushuka na kusi kupanda, na nahodha aliyekwenda mbisho alijua kwamba umbali ule ule ungemla siku nyingi. Ndege nayo huenda mbisho. Katika kimo cha kilomita 9 hadi 12, kwenye latitudo za kati, kuna mito ya upepo inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki kwa kasi inayoweza kupita kilomita 200 kwa saa. Hutokea kwa sababu hewa ya tropiki ni ya moto na ya ncha za dunia ni ya baridi, na dunia inapozunguka huigeuza hewa inayosafiri kati yake ielekee mashariki. Tofauti ya joto huwa kubwa wakati wa baridi ya kaskazini, na mito hiyo nayo huwa na nguvu zaidi. Mkondo mmojawapo hupita juu ya Sahara ya kaskazini, hivyo ndege ya Nairobi hukutana nao hata kabla ya kuiona bahari.

Aliyeipima mito hiyo mapema kuliko wengi ni mtaalamu wa hali ya hewa wa Japani, Wasaburo Oishi, aliyekuwa akirusha maputo na kuyafuatilia katika miaka ya 1920. Aliandika matokeo yake kwa Kiesperanto, akitumaini ulimwengu mzima ungesoma. Ulimwengu haukusoma, na marubani wengi wa Vita vya Pili vya Dunia waliugundua upepo huo kwa kushtukia ndege zao zimesimama karibu mahali pamoja.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Kasi ya 787 ikiwa imetulia angani ni takriban kilomita 900 kwa saa. Pasipo upepo wowote, kilomita 11,830 huisha kwa saa 13 na dakika 9. Upepo wa mbele wa wastani wa kilomita 50 kwa saa huishusha kasi ya juu ya ardhi hadi 850, na safari huwa saa 13 na dakika 55. Upepo ule ule ukiwa nyuma, kasi hufika 950 na safari huwa saa 12 na dakika 27. Tofauti ni karibu saa moja na nusu, kwa upepo ambao si mkali hata kidogo. Juu ya hapo huongezwa muda wa kuzunguka ili kushika njia, kushuka polepole, na kujikokota uwanjani. Muda wa kwenye ratiba huhesabiwa tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inapoegesha tena, na New York ni uwanja wa foleni. Mashirika pia huongeza dakika za akiba kimyakimya, ili ndege iliyochelewa kidogo ionekane imefika kwa wakati. Abiria wanaopiga makofi kwa sababu wamefika dakika 20 kabla ya wakati mara nyingi wameshangilia akiba hiyo.

Upepo ukiwa mkali kweli, mambo hubadilika kabisa. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Februari 2020, ndege ya British Airways iliruka kutoka New York hadi London kwa saa 4 na dakika 56, safari ambayo kwa kawaida hukaribia saa 7 kwenye ratiba. Ilikuwa imebebwa na dhoruba.

Hapa huzuka swali la kijiweni: ikiwa dunia huzunguka kuelekea mashariki kwa kilomita 1,670 kwa saa kwenye ikweta, kwa nini ndege isipae tu juu ya Nairobi, isubiri, na New York ijilete yenyewe? Kwa sababu hewa inazunguka pamoja na ardhi. Ndege iliyo kwenye maegesho ya Nairobi tayari inakwenda mashariki kwa kasi hiyo, na ikipaa haiipotezi. Anayeruka ndani ya basi linalokimbia hatui barabarani nyuma ya basi.

Wasiopata au wasiotaka ndege ya moja kwa moja hulipa kwa njia nyingine, wala si kwa kilomita kama inavyodhaniwa. Nairobi hadi London ni kilomita 6,840 hivi, na London hadi New York 5,540. Jumla ni 12,380. Kupitia London kunaongeza kilomita 550 tu juu ya njia fupi. Dubai ni habari nyingine, kwani ni kurudi nyuma: jumla hupita kilomita 14,500. Lakini katika njia zote mbili kinachokula siku ni kupaa mara mbili, kutua mara mbili na kukaa kwenye kiti cha uwanja ukingoja ndege ya pili. Msafiri wa Mombasa au Dar es Salaam, anayeanza kwa kuruka saa moja hadi Nairobi, huweza kutumia muda mrefu zaidi akisubiri kuliko alioutumia angani katika kipande hicho. Na wapo wanaokaa angani zaidi ya wote hawa: ndege ya Singapore hadi New York, iliyoanza kutumia uwanja wa Kennedy Novemba 2020, huenda zaidi ya kilomita 15,300 kwa saa 18 na ushei.

Zimebaki zile saa za ukutani. Nairobi iko saa 3 mbele ya saa ya kimataifa mwaka mzima. New York iko saa 5 nyuma wakati wa baridi, na saa 4 nyuma kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, Wamarekani wanapozisogeza mbele saa zao. Kwa hiyo tofauti ni saa 8 au 7, kutegemea mwezi. Ndege inayokwenda magharibi usiku hulikimbia jua, na usiku wa Desemba huweza kudumu safari nzima. Inayorudi, ikiondoka adhuhuri, hulikuta giza mapema likija mbio upande wa pili. Mwili hufuata polepole, kwa takriban saa moja kwa siku, na kwa wengi kurudi mashariki ndiko kunakochosha zaidi, maana ni rahisi kuchelewa kulala kuliko kujilazimisha kulala mapema.

Mzungumzaji wa Kiswahili hukutana na jambo jingine ambalo mwenzake wa kiti cha jirani halijui. Saa yake imeanzia alfajiri, mahali ambapo jua huchomoza karibu saa 12 asubuhi mwaka mzima. Saa 1 ni saa ya kwanza ya mwanga. New York mwishoni mwa Desemba jua huchomoza saa 1 na dakika 17 hivi asubuhi, hivyo abiria anayeshuka saa 1 hufika kabla ya jua. Mwezi Juni jua limeshatoka saa 11 na dakika 25 alfajiri, na jioni, saa 2 na nusu usiku, ndiyo kwanza linazama.